Kuni, Moshi na Ladha ya Samaki wa Kubanika

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilichoko kwenye njia itokayo Tanga kwenda Pangani. Mbele yake pana bahari na miamba ya matumbawe. Upande wa bara pana minazi na mashamba ya mkonge. Na mahali ambapo maji ya chumvi yanaingia nchi kavu pameota mikoko. Samaki, mnazi na mkoko ni vitu vitatu visivyofanana, lakini vyote hukutana juu ya uchaga wa kukaushia samaki kwa moshi.

Watu wa pwani wanajua tangu zamani kwamba samaki wa aina moja, aliyepasuliwa kwa kisu kimoja na kutiwa chumvi ile ile, hatoki sawa akikaushwa kwa kuni mbalimbali. Mmoja hutoka na rangi ya dhahabu na harufu inayomwita mnunuzi kutoka mbali. Mwingine hutoka mweusi, mchungu, na harufu yake hukera pua. Husemwa kwamba kuni hizi zina moshi mtamu na zile zina moshi mkali. Ulimi ni hakimu mzuri wa jambo hili, ila hautoi sababu za hukumu yake. Makala haya yanajaribu kuzitoa, kwa kutumia kemia ambayo sehemu yake kubwa hufundishwa katika shule zetu za sekondari.

Kazi ya moshi

Mwili wa samaki ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Maji hayo ndiyo yanayowawezesha bakteria kuishi na kuongezeka, na katika joto la pwani ya Tanga samaki aliyeachwa juani asubuhi huanza kunuka kabla ya jua kutua. Basi wavuvi wamebuni njia kadhaa za kumwahi: kumtia chumvi na kumwanika hata awe ng'onda, kumkaanga, kumchemsha na kumwanika kama wafanyavyo kwa dagaa, au kumkausha kwa moshi.

Moshi hufanya kazi tatu kwa pamoja. Joto lake huondoa maji. Joto hilo hilo humwiva samaki na kuua bakteria wengi. Hatimaye, kemikali zilizomo katika moshi hutua juu ya nyama, zikazuia vijidudu, zikachelewesha mafuta ya samaki yasichache, na kutia rangi na harufu. Kazi hii ya tatu ndiyo inayotuhusu hapa.

Yafaa ieleweke pia kwamba kuna kufukiza kwa baridi na kufukiza kwa moto. Huko Uskochi na Norwe huweza kumtia samaki moshi bila kumpika, kwa joto lisilozidi nyuzi 30 za Sentigredi hivi. Kwetu hewa yenyewe hufika nyuzi hizo mchana, kwa hiyo mtu atakayejaribu njia hiyo atapata samaki aliyeoza mwenye harufu ya moshi. Njia yetu ni ya moto, nayo inafaa.

Mti umejengwa kwa vitu gani

Kuni zote, ziwe za mkoko au za mwembe, zimejengwa hasa kwa vitu vitatu. Selulosi huchukua kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa mti mkavu. Hiyo ni minyororo mirefu ya glukosi, nayo ndiyo uzi wa mti. Hemiselulosi, ambayo ni minyororo mifupi ya sukari mchanganyiko, huchukua asilimia 20 hadi 30. Kitu cha tatu ni lignini, ambayo nayo huchukua asilimia 20 hadi 30. Selulosi tukiifananisha na fito za nyumba ya udongo, lignini ni ule udongo uliokandikwa katikati ya fito ukashikamanisha yote. Juu ya hivyo vitatu kuna vitu vya kiasi kidogo, navyo ni utomvu, mafuta, tanini na madini yanayobaki kuwa majivu.

Mti ukipata joto bila hewa ya kutosha hauungui mara moja. Molekuli zake kubwa huvunjika kwanza, na kila kimoja katika vile vitatu huvunjika katika joto lake. Hemiselulosi hutangulia, kati ya nyuzi 200 na 300 hivi, ikatoa hasa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Selulosi hufuata, kati ya nyuzi 250 na 350, nayo hutoa kampaundi za jamii ya aldehidi na ketoni. Hizi hukutana na protini za samaki zikafanya rangi ya dhahabu na ya hudhurungi, kwa mmenyuko wa namna ile ile unaotia rangi ganda la mkate. Lignini ni ngumu zaidi. Huanza kulegea karibu na nyuzi 300 na kuendelea kuvunjika hata nyuzi 500, na mazao yake ni fenoli.

Fenoli hizo ndizo roho ya harufu ya moshi. Mwanafunzi anaijua fenoli ya kawaida, C₆H₅OH, yaani pete ya kaboni sita yenye kikundi cha OH. Fenoli za moshi zina kikundi kingine cha OCH₃ pembeni ya kile cha OH. Yenye kikundi kimoja cha OCH₃ inaitwa gwayakoli, C₇H₈O₂. Yenye viwili, kimoja kila upande, inaitwa siringoli, C₈H₁₀O₃. Wachunguzi wa vyakula wameona kwamba gwayakoli huleta zaidi ladha ya moshi mdomoni, na siringoli huleta zaidi harufu puani. Katika ukoo huo wa gwayakoli wamo ndugu wawili tunaowafahamu vizuri: vanilini, inayoipa vanila harufu yake, na yujenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu za Unguja na Pemba. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba moshi fulani unanukia kama viungo hasemi kwa mafumbo. Anachokinusa kimo ndani ya moshi kweli.

Miti migumu na miti ya ulimbo

Sasa tunaweza kuuliza kwa nini kuni hutofautiana. Sababu ya kwanza ni ukoo wa mti. Miti inayotoa maua, kama mkoko, mwembe, mkwaju na mkorosho, ina lignini iliyojengwa kwa matofali ya aina mbili, ya gwayakoli na ya siringoli. Misonobari na jamaa zake, kama ile iliyopandwa katika milima ya Usambara, ina matofali ya gwayakoli karibu peke yake. Tena ina ulimbo mwingi, ambao ukiungua hutoa masizi na uchungu. Ndiyo sababu mafundi wa samaki wa Uskochi husifu mwaloni, na Wamarekani husifu mti uitwao hikori, lakini ni wachache wanaosifu msonobari. Jambo hili si la mila tu. Limo katika muundo wa molekuli.

Hapa mwalimu aangalie kosa moja ambalo ni rahisi kulifanya. Mvinje wa pwani una majani membamba kama sindano, na mtu huweza kuudhani kuwa ni msonobari. Sivyo. Mvinje, ambao jina lake la kitaalamu ni Casuarina equisetifolia, ni mti wa jamii ya miti ya maua. Mbao zake ni ngumu na nzito, hauna ulimbo wa msonobari, na kuni zake zina sifa njema.

Mnazi nao una mambo yake. Huu si mti kama miti mingine, kwani ni ndugu wa nyasi na mahindi kuliko wa mwembe. Makumbi yake yana lignini nyingi kupita kuni za kawaida, na huungua kwa kufuka taratibu bila ndimi za moto. Vifuu pia hutoa fenoli kwa wingi. Nchini Indonesia watu hutengeneza hata maji ya moshi kutokana na vifuu, yakatumika kutia vyakula harufu. Basi mchuuzi wa Kigombe anayetupia makumbi mwishoni mwa kazi ili kumpa samaki rangi anafanya jambo lenye msingi. Akizidisha, moshi mzito wenye lami humtua samaki na kumfanya mchungu.

Kuhusu mkorosho, kuni zake si mbaya, lakini maganda ya korosho zenyewe yasitumiwe kamwe. Yana mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Kadhalika zisitumiwe kuni za mtupa na miti mingine yenye utomvu wa sumu, mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, wala vipande vya nguzo za umeme. Magogo yaliyoelea baharini na kutupwa ufuoni nayo yaachwe, kwa maana yamenywa chumvi, na klorini iliyomo katika chumvi hiyo huweza kuungana na kaboni wakati wa kuungua ikafanya sumu ziitwazo dioksini.

Moto wenyewe

Nimezungumza juu ya aina ya mti kwa urefu kwa sababu ndilo swali linaloulizwa kwanza. Lakini kwa maoni yangu silo kubwa zaidi. Ukichukua miti miwili ya maua, yote mikavu, na kuichoma kwa namna moja, tofauti ya harufu itakuwa ndogo. Ukichukua mti mmoja na kuuchoma kwa namna mbili, tofauti itakuwa kubwa mno.

Akina mama wa pwani wana ushahidi wa jambo hili nyumbani mwao. Mtu akifukiza udi huweka makaa katika chetezo, kisha huweka kipande cha udi juu ya makaa. Udi hupata joto, hufuka, na chumba chote hunukia. Lakini udi ukishika moto na kutoa ulimi, mwenye nyumba huupuliza haraka, kwa kuwa harufu inapotea na kubaki harufu ya kitu kilichoungua. Katika ulimi wa moto oksijeni imezifikia zile kampaundi za harufu na kuziunguza, zikawa kaboni dayoksaidi na maji. Kuni za samaki hazitofautiani na udi. Harufu nzuri hutoka pale mti unapofuka katika joto la wastani. Moto wa ndimi ndefu hutoa joto jingi na harufu kidogo, na moto ulionyimwa hewa kabisa hutoa lami na asidi.

Hapo ndipo uzito wa mti unapoingia. Kuni za mkoko na za mvinje ni nzito sana kwa ujazo wake. Zinapokauka huungua polepole na kufanya makaa yanayodumu, na joto lake halipandi na kushuka ghafla. Kuni nyepesi hulipuka, zikatoa ndimi, kisha zikazima. Hivyo sifa ya mkoko, ambayo watu huidhani kuwa ni ya harufu, kwa sehemu kubwa ni sifa ya utulivu wa moto wake.

Jambo la pili ni maji yaliyomo ndani ya kuni. Wengine hupenda kuni mbichi kwa kuwa zina moshi mwingi. Natuhesabu kidogo. Chukua kilo 1 ya kuni mbichi ambayo nusu yake ni maji. Kupasha gramu 500 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 kunahitaji 0.5 × 4.2 × 70, yaani kilojuli 147. Kuyageuza kuwa mvuke kunahitaji 0.5 × 2260, yaani kilojuli 1130. Jumla ni kilojuli 1277. Ile nusu kilo ya mti mkavu iliyobaki hutoa kiasi cha kilojuli 9000. Basi asilimia 14 ya nishati ya kuni imekwisha kutumika kukausha kuni zenyewe kabla samaki hajapata chochote. Zaidi ya hapo, mvuke hupunguza joto la moto, mti hauvunjiki vizuri, na moshi mweupe mzito hutua juu ya samaki ukiwa matone ya maji yenye asidi na lami. Kuni zenye unyevu mdogo, zilizoanikwa majuma kadhaa chini ya paa, ndizo bora.

Tuendelee na hesabu hiyo kwa samaki. Samaki wa kilo 1 mwenye asilimia 75 ya maji ana gramu 250 za mwili mkavu. Akikaushwa hata maji yawe asilimia 25, atakuwa na uzito wa gramu 333, na maji yaliyotoka ni gramu 667. Kuyageuza kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 1507 hivi. Hata tukiongeza joto la kumpasha samaki mwenyewe, kuni kavu zisizozidi gramu 100 zingetosha, kama joto lote lingemfikia. Kila aliyeona moto wa wazi chini ya uchaga anajua kwamba kuni zinazotumika ni mara nyingi kuliko hizo. Joto lingine lote limechukuliwa na upepo wa bahari.

Sehemu ya samaki katika jambo hili ni fupi lakini isisahauliwe. Moshi una sehemu mbili: matone madogo sana, ambayo ndiyo jicho linayoyaona, na mvuke usioonekana. Mwaka 1961 wachunguzi wa Kituo cha Torry kule Aberdeen walionyesha kwamba kinachoingia ndani ya samaki ni ule mvuke hasa, unaoyeyuka katika unyevu wa ngozi yake. Kwa hiyo samaki aliyelowa maji chapachapa hupata michirizi na uchungu, na aliyekauka kabisa juu hakubali moshi. Aachwe achuruzike mpaka nyama yake ianze kunata kidoleni, ndipo apandishwe juu ya uchaga.

Upande wa pili wa moshi

Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi walipata saratani ya aina moja kwa wingi usio wa kawaida, akalilaumu sizi. Mwaka 1933 wanakemia wa London walitenga kutoka katika lami ya makaa ya mawe kitu kiitwacho benzopairini, chenye pete tano za kaboni zilizoshikana, wakathibitisha kwamba kinasababisha saratani. Kitu hicho na jamaa zake wamo katika kila moshi wa kuni. Huongezeka joto la mti unaoungua linapopita nyuzi 400 hivi, na huongezeka zaidi mafuta ya samaki yanapodondoka juu ya makaa na kurudi juu yakiwa moshi. Vibua na samaki wengine wa mafuta ndio wenye hatari hiyo zaidi.

Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2014, hazikubali samaki wa moshi mwenye benzopairini inayozidi mikrogramu 2 katika kilo 1. Hicho ni sawa na gramu 2 katika tani 1000. Kipimo hicho ni kikali, na samaki aliyebanikwa juu ya moto wa wazi huweza kukipita kwa urahisi. Anayevuta moshi huo kila siku ni yule mama anayegeuza samaki, naye hapimwi na mtu yeyote mpakani.

Bahati njema ni kwamba masharti ya harufu nzuri na masharti ya usalama yanaelekea upande mmoja: joto la wastani, kuni kavu, ndimi chache, na samaki awe mbali na moto. Karibu na mwaka 1970 kule Chorkor, kitongoji cha Accra nchini Ghana, lilibuniwa tanuri la udongo lenye trei zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambalo liliokoa kuni nyingi na likaenea Afrika. Lakini kwa kuwa moto wake uko chini ya samaki moja kwa moja, halikuondoa tatizo la benzopairini. Tanuri la Thiaroye, lililotengenezwa baadaye nchini Senegal, huongeza jiko la makaa, sinia ya kukinga mafuta yasifikie moto, na chombo cha kufukia moshi kilicho mbali kidogo. Kazi ya kukausha na kazi ya kutia harufu zimetenganishwa, na hilo ndilo wazo lenye thamani kubwa zaidi ndani yake.

Habari ya mikoko

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, na kuikata bila kibali ni kosa. Sababu yake wavuvi wanaijua: kamba, mkizi na watoto wa samaki wengi hukulia kati ya mizizi yake. Tangu mwaka 1994, mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga ulipoanza, Kigombe kilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo kushiriki katika kupanga matumizi ya bahari na mikoko yake, na mwaka 2009 bahari hiyo iliingizwa katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga. Kumkausha samaki wa leo kwa mkoko ni kuchoma nyumba ya samaki wa kesho kutwa, na mchuuzi ambaye hana kuni nyingine hafaidiki kwa kuambiwa hivyo tu.

Tulichokwisha kueleza kinampa njia. Ikiwa ubora wa mkoko ni utulivu wa moto wake zaidi ya harufu yake, basi mvinje uliopandwa unaweza kuchukua nafasi yake bila samaki kupoteza kitu. Matawi ya mkorosho na mwembe yanayopogolewa kila mwaka yanafaa pia kwa harufu, ila ni mepesi zaidi. Yakatwe vipande vinene, yakauke, na moto utazamwe mara kwa mara. Makumbi yawekwe akiba kwa nusu saa ya mwisho. Kazi itaongezeka kidogo, na sioni haja ya kulificha hilo.

Jaribio la darasani

Chukua vijiti vikavu vya aina mbili za miti, uvikate vidogo na kupima gramu 5 za kila kimoja. Tia aina ya kwanza katika neli ya majaribio, izibe kwa kizibo chenye neli ya kupitishia, na mwisho wa neli hiyo uwe ndani ya chombo kilichowekwa katika maji baridi. Fanya kazi hii nje au penye hewa nyingi. Pasha neli taratibu. Kwanza utaona mvuke wa maji, kisha moshi wa manjano, na katika chombo baridi kutakusanyika maji ya rangi ya hudhurungi yenye lami. Kabla ya kuondoa moto, toa kwanza mwisho wa neli ya kupitishia kutoka katika maji hayo, yasije yakavutwa nyuma na kuipasua neli yenye moto.

Jaribu maji hayo kwa litimasi ya buluu. Itageuka nyekundu kwa sababu ya asidi ya asetiki. Kisha dondosha matone machache ya kloridi ya feri. Rangi ya kijani, buluu au zambarau huonyesha fenoli, ingawa lami nyingi huweza kuificha rangi hiyo mpaka maji yazimuliwe. Pima makaa yaliyobaki na uandike uzito wake. Rudia yote kwa aina ya pili. Shule za pwani zinaweza kulinganisha makumbi na mvinje. Zilizo Usambara zinaweza kulinganisha mkaratusi na msonobari, na vyombo viwili vikiachwa juu ya meza hadi kesho yake, wanafunzi watazame ni kipi kilichoshusha lami nyingi chini na kipi chenye ulimbo ulioelea juu.